Simama Mpaka Useme Kweli

Zamani mtu alitoka kazini, akanawa miguu, akatembea mpaka mwisho wa mtaa kutafuta sentensi moja ya Kiingereza. Siku hizi sentensi zinamfuata mpaka kitandani, naye anazifukuza kwa kidole gumba kama mtu anayefukuza nzi.

Mzee Simama alilisema hilo kila jioni alipokuwa akifungua kufuli la darasa lake, hata kama hapakuwa na wa kumsikia. Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi. Ukutani palikuwa na ubao wa mbao nyembamba uliopakwa rangi nyeusi, na viti vilikuwa ndoo za rangi zilizopinduliwa. Aliyekaa vibaya aliondoka na duara la ndoo kwenye suruali, na mtaani watu walijua, "Huyu ametoka kwa Mzee Simama."

Mwenye duka alikuwa amempa chumba kile bure. Naye alikuwa amekalia ndoo hizo hizo ujanani, kabla hajawa na duka wala tumbo. Makubaliano yao yalikuwa ya maneno matupu.

"Maadamu kuna mtu anasoma humu, Mwalimu, chumba ni chako," alimwambia. "Siku wanafunzi wakiisha, nitaweka saruji. Usinichukie."

"Sitakuchukia," alijibu Mzee. "Saruji nayo hainyanyuki ikiulizwa swali. Mtapatana."

Basi chumba kile ndicho kilichokuwa kimembakia. Mkewe alikuwa amefariki, watoto walikuwa mbali na wakipiga simu walikuwa na haraka, na nyumbani kulikuwa na redio iliyokamata stesheni moja. Jioni alipotia chaki mfukoni, alikuwa mtu mwenye mahali pa kwenda. Bila chumba angekuwa mzee tu anayekaa barazani akihesabiwa na wapita njia.

Mwenyewe hakuwahi kukaa mbele ya mwalimu wa Kiingereza. Ujana wake wote alikuwa mchukuzi katika ghala la mizigo, na lugha ile aliipata kutoka kwenye maandishi ya masanduku na kwenye magazeti ya zamani yaliyofungiwa vikombe ili visivunjike. Wenye midomo yao walisema ndiyo maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuamuru: kaa hapa, inua pole pole, usiloweshe. Lakini katika magazeti yale alikuta kitu ambacho sanduku halina. Alikuta watu wanaoulizana wamekuwaje, na wanaojibu.

Hapo ndipo moyo wake ulipotua. Sisi, aliwaambia wanafunzi wake, tunasema nimechoka, tukamaliza. Mtu anakuona umechoka, anakupa pole, anakwenda zake. Mwingereza haridhiki. Anataka ajue uchovu wako una umri gani. *I have been tired since Monday.* Ulianza Jumatatu, upo nami mpaka dakika hii ninapokutazama, wala sijui utaondoka lini. Chukua neno lolote la hali, aliwaambia, njaa, hasira, upweke, furaha kama unayo, liweke pale penye *tired*, halafu uniambie tangu lini.

Na hapo ndipo ilipotoka sheria iliyompa jina. Neno *fine* lilikuwa marufuku.

"Huko nje," alisema, akiwa amesimama mbele ya ubao na chaki kama fimbo, "mtu anaulizwa habari, anajibu nzuri. Nyumba imeungua, nzuri. Mtoto ana homa, nzuri, ila mtoto ana homa. Silaumu. Hiyo ni adabu ya mlangoni, huwezi kummwagia mgeni matatizo hajavua hata viatu. Lakini humu ndani tumeshapita mlango. Atakayeniambia *I have been fine* atasimama, na atasimama mpaka apate neno la kweli."

Wakati darasa limejaa, ilikuwa raha. Mpishi wa hoteli alisema amekuwa na njaa tangu aajiriwe, watu wakacheka mpaka ndoo zikalia. Mlinzi alisema amekuwa na usingizi tangu azaliwe. Lakini pia palikuwa na karani mmoja, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, aliyesimama jioni nzima akitafuta neno, kisha akasema kwa sauti ndogo, *I have been lonely*, akakaa, akafuta miwani yake muda mrefu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mzee Simama aligundua kwamba lugha ya kuazima inasitiri. Mtu ambaye kwa lugha ya mama yake asingethubutu kumwambia hata mto wake kwamba ana upweke, aliweza kulisema kwa Kiingereza kibovu mbele ya watu, kwa sababu lilikuwa zoezi tu. Ni Mwalimu aliyetaka.

Yeye mwenyewe sheria ile hakuwahi kuipeleka nyumbani. Mkewe alipokuwa amelala mgonjwa, Mzee alimwuliza kila asubuhi, "Umeamkaje?" naye akajibu, "Salama." Akachukua salama hiyo, akaenda nayo. Alipozinduka kuuliza tangu lini, hapakuwa tena na wa kujibu.

Kisha simu zikaingia, na ndoo zikaanza kubaki tupu moja moja. Wa mwisho kuondoka kati ya wale wa zamani alikuwa kinyozi, mtu wa mzaha asiyejua kununa.

"*I have been handsome since I was born*," kinyozi alisema jioni yake ya mwisho.

"Simama," alisema Mzee.

"Mwalimu, uliza wateja wangu!"

"Wateja wako wanakuona kwenye kioo, nyuma ya vichwa vyao. Simama."

Kinyozi akasimama huku akicheka, kisha cheko likamwisha. Akasema amepata kitu kwenye simu, kinamfundisha akiwa amelala chali.

"Na kinakuuliza umekuwaje?"

"Hapana. Kinaniuliza kama tufaha ni jekundu."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema ndiyo, tufaha ni jekundu. Kinanipigia makofi, Mwalimu. Wewe miaka yote hii hujanipigia makofi hata siku moja."

Baada ya hapo wakabaki wawili tu, mke na mume, waliokuwa wageni katika darasa. Mke alikuwa mshoni wa sare za shule. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano, na daima alikuwa na uzi umenasa kwenye nywele. Mume alikuwa dereva wa lori, mtu mpana wa mabega, mpole, mwenye kuinama kidogo hata pale dari ilipokuwa juu. Mke alisema anataka Kiingereza kwa ajili ya wateja. Mume alisema amemsindikiza tu, kwa kuwa jioni barabara haina taa.

Jioni ya kwanza Mzee alimwelekea dereva. "*How have you been?*"

"*I have been fine*," alisema dereva.

"Simama."

Dereva akasimama. Akaelezwa sheria, akatabasamu kwa heshima, akabaki amesimama mpaka somo likaisha. Somo lililofuata akaulizwa tena, akajibu vile vile, akasimama tena. Mzee alikuwa ameona wakaidi wengi, na ukaidi una namna yake ya kukaza shingo. Huyu hakukaza shingo. Alisimama kama mtu anayengojea gari ambalo anajua halipiti njia hiyo.

"Mume wangu, si useme hata una njaa?" alimwambia mkewe somo moja, akicheka kidogo. "Ukae. Miguu yako hiyo."

"Sina njaa, mama."

"Basi sema umeshiba."

"Mwalimu anataka kweli."

"Ndiyo, kweli," alisema mke, na safari hii hakucheka. "Mwalimu anataka kweli."

Mzee Simama akawatazama wote wawili. Upande wa pili wa ukuta mwenye duka alisikika akipima misumari, chakari chakari kwenye sinia ya mizani. Mzee akamgeukia mke.

"*And you? How have you been?*"

Mshoni akainuka bila kuambiwa. Akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule, na macho yake yakawa kwenye ubao, si kwa mumewe.

"*I have been quiet*," alisema.

Nimekuwa kimya. Mzee akatikisa kichwa kukubali, kisha akauliza lile alilouliza watu wote kwa mazoea, bila kujua anafungua nini. "*Since when?*"

"*Since I saw you with the bucket.*"

Tangu nilipokuona na ndoo. Mzee alifikiri ni yeye anayeambiwa, kwa maana kulikuwa na ndoo humo ndani kila upande. Akataka kumsahihisha. Kisha akamwona dereva. Uso wa dereva ulikuwa umebadilika kama ukuta ambao plasta yake imeanguka.

"Uliniona wapi?" aliuliza dereva kwa Kiswahili.

"Kiswahili nje!" alisema Mzee, kwa mazoea tu, na papo hapo akatamani kulirudisha neno lake.

Lakini amri ile ndiyo iliyowasaidia. Kwa lugha yao wangepandishiana sauti, au wangenyamaza na kwenda nyumbani kununiana. Kwa Kiingereza hawakuwa na maneno ya kutosha kugombana. Walikuwa na umbo moja tu la sentensi, na ilibidi kila kitu kipite humo.

Dereva akamgeukia Mzee.

"Mwalimu," alisema, "mtu mwenye aibu, wanamwitaje?"

Mzee hakumwambia Kiswahili nje. Akageuka, akaandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, *ashamed*, akalisoma mara moja, akaenda pembeni.

"*I have been ashamed*," alisema dereva, akimtazama mkewe, "*since the lorry fell.*"

Tangu lori lilipoanguka. Hivyo vipande vipande, sentensi baada ya sentensi, jambo likatoka. Lori lilikuwa limepinduka naye kwenye kona yenye mvua. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku ile, akishika usukani mikono inamtetemeka. Tajiri wake alimhurumia, akamwacha kwenye uwanja wa malori yake aoshe magari. Kila alfajiri alimuaga mkewe kwamba anakwenda safari, na kila jioni alirudi na hadithi za barabara ambazo wenzake walimsimulia. Siku moja mkewe alipita na furushi la sare kichwani, akamwona ameinama na ndoo na tambara chini ya gurudumu. Hakumwita. Alirudi nyumbani, akapika, akamsikiliza usiku ule akimsimulia daraja jipya aliloliona.

"*Angry?*" aliuliza dereva, akimaanisha mkewe.

Mshoni akafikiri. Alitaka kulisema sawasawa. "*No. I have been afraid. You have been far.*"

Umekuwa mbali. Na mtu huyo alikuwa akilala naye kitanda kimoja.

"Kaa, baba," alisema Mzee Simama kwa sauti ambayo hakuijua. "Umeshasema. Kaa."

Baada ya siku ile hawakukosa somo. Kwa mtu wa nje ingeonekana Mzee amepata wanafunzi hodari. Walifika mapema, wakakaa ndoo zao zikigusana, wakaulizana wenyewe bila kumngoja. Alikuwa na kazi ya kuandika maneno waliyoyataka. Leo walitaka neno la kukata tamaa, kesho neno la mtu aliyepunguziwa mzigo. Alikuwa kama mshika taa kwenye nyumba ya watu wanaopanga vyombo vyao. Alichoka, lakini ulikuwa uchovu wenye kazi ndani yake, na alirudi nyumbani akalala bila kuwasha redio.

Jioni moja dereva alikuja peke yake, kabla ya mkewe. Akakaa, akavunja vidole.

"Mwalimu, nina swali, ila usikasirike."

"Nimeshakasirika na dunia nzima, wewe hutaongeza kitu. Uliza."

"Haya mambo tunayoyasema hapa." Akatazama ubao. "Tunaweza kuyasema nyumbani? Kwa Kiswahili? Juzi nilitaka kumwambia jambo, nikaona ningoje siku ya somo tuje huku. Nikalala nalo. Au ni lazima yawe kwa Kiingereza ndiyo yafanye kazi?"

Lilikuwa kosa ambalo mtu wa darasa lile tu angeweza kulifanya: kudhani kwamba dawa imo kwenye chupa. Na Mzee Simama akaona kwamba kosa hilo ndilo linalomshikia chumba. Alikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu zuri, la kisomi. Angesema hapana, bado hamjaiva, kuna hali nyingine ngumu zaidi, tutazifikia mwakani. Dereva angeamini. Watu wapole huamini. Mwenye duka angeendelea kuweka saruji yake kwingine.

Upande wa pili wa ukuta misumari ikamwagika, na mtu akaapa.

"Mkeo akikuuliza umeamkaje," alisema Mzee hatimaye, akiwa amempa mgongo na anafuta ubao ambao ulikuwa safi, "usimwambie salama kama si salama. Basi. Na wewe ukimwuliza, akikujibu, mwulize tangu lini. Hiyo tu. Kiingereza hakina kazi humo."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Nimeifundisha maisha yangu yote kama ni kitu kikubwa."

Dereva akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mikono iliyolainishwa na sabuni ya magari. "Mwalimu, kama ni hivyo..."

"Kama ni hivyo, nendeni," alisema Mzee. "Mwambie aandae sare zake, shule zinafunguliwa."

Walikuja mara nyingine chache, kwa adabu, kama watu wanaomtembelea mgonjwa aliyepona. Jioni ya mwisho mshoni alimletea shati aliloshona mwenyewe, lenye mfuko wa chaki uliotiwa bitana ndani ili vumbi lisipenye. Akamwambia jambo ambalo Mzee hakulitarajia.

"Wateja sikuwa nao wa Kiingereza, Mwalimu. Nilikuwa nimesikia kwa kinyozi kwamba huku kwako mtu hakai chini mpaka aseme kweli. Nikasema, basi nitamleta huyu bwana asimame."

"Ulinidanganya mimi ili yeye aseme kweli."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Ningejua, ungesimama," alisema Mzee, na wote watatu wakacheka.

Wiki ile ile mwenye duka alibisha, akaona ndoo zote tupu, akasugua kichwa. Mzee Simama alimsaidia kuziinua ndoo na kuzipanga nje. Ubao waliuacha ukutani, kwa kuwa ulikuwa umepigiliwa vizuri, na mifuko ya saruji ikapangwa mbele yake mpaka ikauficha.

Aliwaona tena mara moja tu, muda ulikuwa umepita, mbele ya duka la vitambaa. Aliwasikia kabla hajawaona. Dereva alikuwa na jora la kitambaa begani, mshoni alikuwa na futi shingoni, na walikuwa wakigombana katikati ya njia bila haya.

"Nilikwambia bluu ya mawingu! Hii ni bluu gani?"

"Wewe ulisema bluu. Nimeleta bluu. Mawingu leo yalikuwa hivi."

"Mawingu gani, mume wangu, ya mvua? Nitawavisha watoto mvua?"

"Nimechoka, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu duka la kwanza!"

Akacheka mwanamke yule, akampiga begani kwa ncha ya futi. Ndipo wakamwona Mzee amesimama kando na mkebe wake wa mafuta ya taa. Wakamwamkia, shikamoo mara mbili kwa sauti mbili, naye akaitika. Wakamwambia wana cherehani mbili sasa na dereva ndiye anayepeleka mizigo kwa mkokoteni, mikono haitetemeki na mkokoteni. Kisha mshoni akainamisha kichwa kidogo, uzi ukiwa umenasa kwenye nywele kama kawaida, akauliza lile ambalo katika miaka yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza, kwa kuwa mwenye kuuliza alikuwa yeye.

"*How have you been, Teacher?*"

Maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyaandika yote ubaoni, kwa mkono wake, kwa ajili ya wengine. Aliyaona yamejipanga, akajua kabisa lipi ni lake, na tangu lini.

"*I have been fine*," alisema Mzee Simama.

Dereva akatabasamu. Mshoni hakutabasamu. Alimtazama, mdomo ukafunguka nusu, na Mzee akaona neno limefika kwenye ulimi wake, neno lile moja. Lakini mzee wa watu haamriwi njiani. Adabu ikamshika, akalimeza.

"Mama, watatufungia," alisema dereva, akihamisha jora bega la pili.

Wakaaga, wakavuka. Alipofika upande wa pili mshoni aligeuka akatazama nyuma, kisha watu wakapita katikati yao.

Mzee Simama alikuwa bado amesimama.